Bibi Somoe na Kona ya Sita

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie wa nyuma, mmeitika au mmepiga miayo? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo, umalize kwanza. Hadithi yangu ina mlima, na mlima haupandwi na mdomo uliojaa.

Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Jina lake sijui. Aliyenisimulia hakulijua, na mimi sitawatungia. Mbele ya kijiji, bahari. Nyuma ya kijiji, mlima. Bahari ya pale haikuwa ya kuchezea: mawe, mawimbi, mawe, mawimbi, na chombo kikithubutu kupita hurudi vipande. Kwa hiyo mtu akitaka kwenda kijiji cha upande wa pili, njia ilikuwa moja tu. Mlimani.

Na njia yenyewe, jamani! Ilipita ubavuni mwa mlima, juu kabisa ya bahari. Upana wake nyayo mbili. Mkono wa kushoto, jabali. Mkono wa kulia, hakuna kitu. Nikisema hakuna kitu, hakuna kitu: hewa tupu, halafu chini huko, mbali, maji meupe yanachemka. Na njia hiyo ilikuwa na kona sita. Ukipita moja unashukuru Mungu, ukiona nyingine unamwomba tena.

Wanaume walipita. Walikwenda na chumvi na samaki wakavu, wakarudi na mtama na asali. Wanawake hawakupita. Waliambiwa mwanamke akiona shimo lile, kichwa kitamzunguka na ataanguka. Nani alisema? Hakuna ajuaye. Nani alimwona mwanamke akianguka? Hakuna aliyeona. Lakini neno likikaa sana kijijini huota mizizi, na watu wakaliita mila.

Sasa sikilizeni kosa la watu wale. Vijana wao walikuwa wakioa upande wa pili. Bibi arusi alifikaje? Alibebwa. Mwanamume mwenye nguvu alimbeba mgongoni, amefungwa kwa kitambaa kipana, na juu yake amefunikwa kaniki nyeusi gubigubi, asione shimo. Akafika kwa mume kama kuku kwenye tenga. Akafunuliwa, vigelegele, ngoma, pilau. Siku ya saba akauliza, "Kwetu ni wapi?" Wakamwonyesha mlima. "Njia ni ipi?" Wakamwonyesha mlima. Basi.

Na mila ilikuwa na mkia. Mke hubebwa mara moja. Akibebwa mara ya pili, kurudi kwao, huyo ameachwa. Ndiyo maana wake wa kijiji kile walizaa, wakalea, wakazeeka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mama yake tena. Mnanitazama? Msinitazame mimi. Sikuwako.

Katika kijiji kile alikuwako mama mmoja mtu mzima, Bibi Somoe. Mwembamba, mrefu, nyayo ngumu, maneno machache. Watu walimheshimu kwa mambo madogo. Alijua kunyamazisha mtoto wa jirani. Alijua kupatanisha mke na mume bila kumuuliza yeyote kati yao nani alianza. Na kila alfajiri, miaka nenda miaka rudi, alikwenda mlimani kutafuta kuni. Wengine waliokota kuni karibu na visima. Yeye alikwenda mlimani. Watu wakasema, "Kuni za Bibi Somoe zina nini?" Yeye akicheka tu.

Bibi Somoe alikuwa na mwana mmoja, Pandu. Pandu alioa upande wa pili, akaletewa Mashavu. Mashavu alikuwa msichana mwenye kidevu cha ukaidi na mikono ya kazi. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na bibi yake, Bi Mwanamize, kizee aliyebaki peke yake duniani na mjukuu huyo mmoja. Kisha mjukuu huyo mmoja naye akafungwa kwenye kaniki, akachukuliwa.

Miaka miwili ikapita. Pandu na Mashavu wakapendana. Nalisema wazi, wasije watu wakadhani kijana alikuwa mbaya. Hakuwa mbaya.

Siku moja wabeba asali wakafika kutoka upande wa pili. Mmoja akapiga hodi kwa Pandu.

"Hodi!"

"Karibu."

"Sikai. Nimetumwa. Mashavu, bibi yako yu kitandani. Hali chakula, anakunywa maji tu. Amesema, 'Mwambieni Mashavu nataka kumshika uso kabla sijaenda.'"

Mashavu alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu, haukushuka.

"Ana siku ngapi?" akauliza.

"Siku ni za Mungu," yule mtu akasema. "Lakini mimi ningekuwa wewe, nisingesubiri mwezi uandame."

Mashavu akaenda mbio kwa Jumbe, mkubwa wa kijiji. Pandu nyuma yake. Jumbe alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kila jambo libaki lilipo.

"Jumbe, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kwenda kwa bibi yangu. Anakufa."

Jumbe akahuzunika. Kweli alihuzunika, akashika ndevu zake. "Pole sana. Lakini unaijua mila. Pandu akikubeba kurudi kwenu, amekuacha. Pandu, unamwacha mkeo?"

"Simwachi!" Pandu akasema.

"Basi habebwi."

"Na nisipomwona?" Mashavu akasema. "Atakufa anaangalia mlango."

Jumbe akatazama chini. Mtu asiye na jibu hutafuta mila ajifiche nyuma yake. Akasema tena, polepole, "Habebwi."

Wakarudi nyumbani. Mashavu hakulia. Alikaa kwenye kizingiti, akautazama mlima kama mtu anayemtazama mwizi wake. Pandu akasema, "Nitakubeba. Waseme nimekuacha, halafu nitakuoa upya." Mashavu akasema, "Na mahari nyingine, na kungoja mwaka, na baraza la wazee likikataa?" Pandu alijua wangekataa.

Bibi Somoe alikuwa jikoni, anasikia. Akatoka, akafuta mikono. Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Watu wakamfuata, maana Bibi Somoe hakuwa mtu wa kutembelea mabaraza.

"Jumbe."

"Bi Somoe."

"Mila inasema mke asibebwe mara ya pili."

"Ndivyo."

"Imesema asitembee?"

Jumbe akawatazama wazee wenzake, nao wakatazama makubazi yao.

"Haijasema," Jumbe akasema, "kwa sababu hakuna mwanamke anayeweza. Ataanguka, Bi Somoe!"

"Akianguka, tutaanguka wawili. Nakwenda naye."

"Wewe? Na umri huo? Nani atakuonyesha njia?"

Bibi Somoe akasema, "Nimekuaga, Jumbe. Sikuja kuomba." Akageuka, akaondoka.

Jua lilipochomoza, wakatoka. Pandu akawajazia maji kibuyu. Akataka kufuatana nao, mama yake akamkatalia: "Ukija, watasema umembeba. Kaa hapa." Akakaa. Akamshika mkewe vidole, akashindwa kuviachia, mpaka mama yake akavibandua kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayebandua mtoto aliyelala akinyonya.

Wakapanda. Vichaka vikaisha. Njia ikageuka ubavuni, na Mashavu akaiona kwa mara ya kwanza.

Jabali huku. Hakuna kitu kule.

Mashavu akakaa chini pu! Akafumba macho.

"Mama, siwezi."

Bibi Somoe naye akakaa. Hakumvuta, hakumkemea. Wakakaa, wakakaa, jua likapanda kidogo.

"Fumbua jicho moja," Bibi Somoe akasema.

Mashavu akafumbua moja.

"Unaona nini?"

"Shimo."

"Si shimo lile. Karibu. Mbele ya mguu wako."

"Jiwe."

"Linatikisika?"

Mashavu akaligusa. "Halitikisiki."

"Basi hilo ni lako. Tukimaliza hilo, tutatafuta la pili. Sikiliza mwanangu. Mungu amekupa viungo vinne: mikono miwili, miguu miwili. Kimoja kiende, vitatu vishike. Tumbo lielekee jabali, mgongo uelekee bahari. Upepo ukija, lala juu ya jabali. Upepo ukipita, nenda. Basi, hakuna elimu nyingine."

Mashavu akasimama. Kimoja kiende, vitatu vishike. Kimoja kiende, vitatu vishike. Haya semeni nami, mtaihitaji siku moja!

"Kimoja kiende, vitatu vishike!"

Wakafika kona ya kwanza. Kwaa! Kwaa! Kwaa! Ndege weupe wa bahari wametaga kwenye nyufa, wanapiga kelele kwa hasira.

"Mama," Mashavu akasema, "sauti hii naijua. Niliisikia nikiwa ndani ya kaniki."

"Ndiyo. Ilikuwa ya mwisho kwako. Leo ni ya kwanza."

Kona ya pili. Tii, tii, tii. Maji yanadondoka kutoka mwambani, njia imelowa, ina utelezi. Bibi Somoe akamwonyesha pa kukanyaga: hapa si hapo, kisigino si kidole.

Kona ya tatu. Vuuuuu! Upepo. Wakalala juu ya jabali kama nguo iliyoanikwa. Vuuuuu! Ukapita. Wakaenda.

Kona ya nne. Bum! Bum! Chini, bahari inapiga ndani ya pango, na jabali lote linaitika kifuani. Mashavu akalia kidogo hapo. Bibi Somoe akamwacha alie, mkono wake juu ya mkono wa binti, mpaka akamaliza. Kisha wakaenda.

Mashavu akaanza kushangaa. Mama mkwe wake alijua kila jiwe. Alijua hili linashika, lile lina uongo.

"Mama, nani alikufundisha?"

Wakapita kona ya tano, na pale hapakuwa na sauti yoyote, kimya tu. Na baada ya kimya, kibanda cha jiwe: pango dogo ambapo wapita njia hupumzika, watu watatu wakibanana. Wakaingia. Wakakaa. Wakanywa maji.

Hapo Bibi Somoe akasema.

"Mimi pia nililetwa na kaniki, mwanangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa kwenye giza lile, nikasema, macho wameniziba, masikio wamesahau. Nikasikiliza. Bum. Upepo. Maji. Ndege. Nikayaweka kichwani. Nilipofika kwa mume nikaanza kutafuta kuni mlimani. Mwaka wa kwanza nilifika kwa ndege, nikarudi natetemeka. Mwaka wa pili nilifika kwenye maji. Nikapata mimba, nikapumzika. Nikapata nyingine, mtoto akafa, nikapumzika zaidi. Nikaanza tena. Kona moja, kona moja. Mwaka wa kumi na moja nikafika hapa, kwenye pango hili. Ilibaki kona moja. Moja tu, Mashavu. Nikasema, nipumzike kidogo, kisha nikamwone mama."

"Ukamwona?"

"Nilikuwa nimekaa pale ulipokaa. Nikasikia wanaume wawili wanatoka kule, wanaongea. Mmoja akasema, 'Yule mama yake Somoe, tulimzika juzi.' Wakapita. Hawakuniona."

Mashavu akaweka kibuyu chini.

"Nikarudi," Bibi Somoe akasema. "Nikapika. Nikapakua. Mume wangu akauliza kuni ziko wapi, nikasema leo sikupata. Sijamwambia mtu mpaka leo. Na kibaya zaidi sijakwambia. Nilijua njia, Mashavu, nikanyamaza. Nilipata mkwe, na kaniki iliyokufunika wewe niliituma mimi. Niliikunja kwa mikono hii. Nilisema moyoni, mimi nilifunikwa, na yeye afunikwe. Nisamehe."

Haya ni maneno mazito, wanangu. Mtu mzima kumwambia mtoto nisamehe. Wengine wetu tutakufa nayo kooni. Mashavu alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika, uso wake ulionyesha. Kisha akamshika mkono mama mkwe wake, ule ule uliokunja kaniki, akaubusu.

"Bibi yangu anangoja," akasema. "Twende, mama. Kona ya sita ikoje?"

Bibi Somoe akatikisa kichwa. "Siijui."

"Huijui?"

"Nilipobebwa, ile ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa nalia kwa sauti. Sikusikia kitu. Na siku ile niliporudi, sikuigeukia tena. Kuanzia hapa, mwanangu, sijui kitu."

Wakatoka pangoni, wakaitazama. Njia ilikwenda hatua kumi, ikageuka, na pale ilipogeuka jabali lilikuwa limevimba kama tumbo la mjamzito, limetokeza juu ya njia. Mtu akisimama, jabali linamsukuma nje. Nje ni wapi? Mnajua nje ni wapi.

Bibi Somoe, aliyejua kona tano, akarudi nyuma hatua moja. Yule yule! Mkono wake ukatafuta pa kushika, usipate. Akasema, "Rudi, Mashavu. Nimekudanganya. Turudi."

Mashavu akasema, "Subiri."

Akafumba macho. Akasimama pale, juu ya bahari, macho yamefumbwa, akijikumbusha giza.

"Mimi sikulia," akasema. "Nilikuwa na hasira, nilikuwa nimeuma meno. Yule aliyenibeba, mama, hapa aliinama. Aliinama sana. Goti lake liligonga mwamba, nikasikia, ko! Kisha ko! Kisha ko! Na mgongo wangu ukakwaruzwa na jiwe kwa juu. Hakutembea hapa. Alitambaa."

Wakatazama tena. Kweli! Chini ya lile tumbo la jabali palikuwa na nafasi, imelainishwa na magoti ya watu wa miaka mia.

"Nifuate," Mashavu akasema. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mbele. "Usitazame bahari. Tazama nyayo zangu. Mama, unaziona?"

"Naziona."

"Kimoja kiende."

"Vitatu vishike," Bibi Somoe akaitika, sauti nyembamba kama ya mtoto.

Ko. Ko. Ko. Jiwe juu ya mgongo, bahari chini ya kiwiko. Ko. Ko. Katikati Bibi Somoe akakwama. Si kwamba jiwe lilimbana, ni moyo. Mashavu hakuweza kugeuka, akarudisha mguu wake nyuma, akasema, "Shika kisigino changu." Akakishika. Na mama mkwe akavuka kona ya sita ameshika kisigino cha mkwe wake, mpaka wakatokea upande wa pili, kwenye majani, kwenye harufu ya moshi wa kuni na mbuzi. Harufu ya kwao.

Wakashuka. Watoto wakawaona, wakakimbia wakipiga kelele, "Wanawake! Wanawake wametoka mlimani!" Mashavu hakusimama. Akakimbia mpaka nyumba ya mwisho, ya kuta za udongo.

"Hodi, bibi! Hodi!"

Ndani, sauti ndogo, kama ya karatasi. "Karibu... Nani?"

Mashavu akaingia, akapiga magoti. Bi Mwanamize alikuwa mfupa na ngozi, macho yameingia ukungu, haoni. Akanyoosha mikono. Akashika paji la uso. Akashika mashavu. Akashika kile kidevu cha ukaidi.

"Kidevu hiki," akasema. "Kidevu hiki kimekuja."

Sitawaambia walivyolia. Wenye bibi zao wanajua.

Baada ya muda kizee akasema, "Wamekubeba? Umeachwa?"

"Sikuachwa. Nimetembea."

"Peke yako?"

"Na mama mkwe wangu. Yu mlangoni, anaona haya kuingia."

"Jina lake?"

"Somoe."

Bi Mwanamize akasema kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo, "Somoe! Ingia ndani, mtoto wewe! Nimechoka kukungoja!"

Bibi Somoe, mwenye mvi, mwenye mwana aliyeoa, akaingia kama mtoto aliyeitwa. Akapiga magoti. "Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Unajua alifanya nini ulipochukuliwa?"

"Sijui."

"Alikwenda mlimani. Na sisi tuliambiwa njia ile si yetu, lakini alikwenda. Siku ya kwanza alirudi ametapika. Akaenda tena. Miaka yote ile, Somoe, kila alipopata siku. Alifika mpaka lile jabali lenye tumbo, akashindwa. Hakujua pa kupita. Alikaa pale akiita jina lako, akarudi. Mara ya mwisho alirudi na homa. Siku nne tu. Nilimshika mkono mimi. Aliniachia neno lako. Nikamwambia, nitalituma kwa wabeba chumvi. Akasema, 'Usilitume. Somoe namjua, atakuja mwenyewe. Akija, mwambie nilikuwa njiani.'"

Nilikuwa njiani.

Bibi Somoe akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akalia kilio cha miaka thelathini, kilio ambacho hakukilia siku ile aliporudi na kupika. Na Mashavu akamlaza kichwa chake mapajani, akampapasa mvi, akimwambia, "Umefika, mama. Umefika."

Bi Mwanamize aliishi siku tisa zaidi. Alikunywa uji mkononi mwa mjukuu wake. Siku ya tisa alimshika uso, akalala, hakuamka. Wakamzika. Na Bibi Somoe akaonyeshwa kaburi la mama yake, akaling'olea magugu kwa mikono, akakaa hapo kutwa nzima. Alimwambia nini? Hilo lao.

Wakarudi. Kona sita, miguu yao wenyewe. Kijiji kizima kilikuwa chini ya mlima, na Pandu mbele, hajanyoa, hajala. Jumbe akaja akitweta.

"Bi Somoe! Mmepita kweli?"

"Tumepita. Na ile kaniki, Jumbe, nimekuja kuikatakata nifanye matambara ya sufuria. Una neno?"

Jumbe akawatazama wake wa kijiji. Walikuwa wamesimama wote, wazee na vijana, na hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Walikuwa wanatazama mlima. Mke wake mwenyewe alikuwa amekwisha kuvua makubazi.

"Sina," Jumbe akasema. Na kwa haki yake niseme, alitabasamu.

Toka siku hiyo hakuna bibi arusi aliyefunikwa. Walitembea, macho wazi, Bibi Somoe mbele au Mashavu mbele. Aliyeogopa alikalishwa kwenye jiwe la kwanza, akaambiwa afumbue jicho moja. Mabinti wakaenda kwa mama zao kujifungua. Mama wakaja kuona wajukuu. Wengine wakaja mara nyingi mno, wakwe wakaanza kulalamika, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine na ina matusi.

Bibi Somoe akazeeka sana. Siku moja, asubuhi, akafa usingizini, Mashavu ubavuni pake. Pandu akapanda hadi kona ya kwanza, akapiga mbiu ya pembe: puuuu! Mbiu ikajibiwa kutoka kule.

Na wanawake wa upande wa pili, vikongwe na mabinti, kimoja kiende vitatu vishike, walipita kona zote sita, wakashuka, wakaingia uani kwa Mashavu na vitambaa vya msiba mabegani. Maji ya kumwoshea marehemu yalikuwa bado hayajapata moto.

Walifika kwa wakati, wanangu. Wote.

Wazee husema, kawia ufike. Ni kweli, sibishi. Lakini mimi naongeza langu: ukiijua njia, mwonyeshe mwenzako leo, wala usimfiche kwa sababu wewe ulifichwa. Kuna mtu upande wa pili anahesabu siku, na siku zake si nyingi kama unavyodhani.

Hadithi nimeibeba hadi hapa, na hapa ndipo ninapoitua. Haya, amkeni. Mwenye mama aende akamsalimie.